Barua za Ndege: Heroe Wako Wapi, na Maswali Mengine ya Wasomaji

Safari hii barua ni nyingi kuliko kurasa nilizopewa, na karibu zote zina neno moja: tabianchi. Kwa wageni wa safu hii, mimi si mwanasayansi. Ni mtu wa Muheza. Mwishoni mwa miaka ya 1980 nilikuwa kijana wa kubeba nyavu za watafiti wa ndege kule Amani, kwenye milima ya Usambara ya Mashariki, baadaye nikatembeza watalii kwenye maziwa ya Manyara na Natron mpaka magoti yakagoma. Nijuacho nimekishika kwa mkono, au nimekisoma kutoka kwa waliokishika.

Nina ugomvi na neno hilo, niseme mapema. Si kwamba silikubali. Ila siku hizi ndege akikosekana watu wanasema "tabianchi", wanakung'uta kanzu na kwenda zao, kama zamani walivyosema "shetani". Mimi ndege akikosekana huuliza mawili: alikuwa akila nini, na alikuwa akilala wapi? Leo nitayarudia hayo mpaka mchoke.

"Shikamoo Babu. Nilipokuwa shule ya msingi tulipelekwa Ziwa Nakuru, ukingo wote ulikuwa wa waridi. Mwaka jana nimewapeleka wanangu. Tuliona nyati, mwari wengi sana, na miti mikavu iliyosimama majini. Flamingo walikuwa wachache, tena mbali. Askari wa hifadhi akasema wamehamia Bogoria. Bogoria nako tukaambiwa wapo, ila si kama zamani. Binti yangu ananiuliza kama nilimdanganya. Wako wapi?"
— Mama wa watoto wawili, Nakuru

Marahaba, mwanangu. Hukumdanganya. Kwanza tuelewane jina: Kiswahili chake ni heroe. Ukisema flamingo nakuelewa, lakini kuna msomaji aliyemwita "korongo mwekundu" katika toleo lililopita nami nikaipitisha barua yake bila kusahihisha. Korongo ni ukoo mwingine kabisa. Nimepokea barua tatu za kunigombeza, na zote zina haki.

Heroe waliokuwa wakiijaza Nakuru ni wale wadogo. Hawali samaki. Chakula chao ni spirulina, kijimea cha majini kidogo mno, ambacho kikistawi hufanya maji ya magadi yawe ya kijani kama mchuzi wa kisamvu. Heroe anainamisha kichwa hadi utosi unatazama chini, na mdomo wake unachuja kama kifumbu cha nazi. Hata waridi lake linatoka humohumo kwenye chakula.

Spirulina inataka maji ya magadi mazito. Tangu mwaka 2010 hivi mvua zimezidi katika Bonde la Ufa, na mito inayoshuka kutoka Mau, ambako msitu umekatwa sana, inaleta maji kwa haraka pamoja na udongo. Nakuru haina mto wa kutoka. Kinachoingia kinakaa mpaka jua likichukue. Ziwa likapanda. Lango kuu la hifadhi likamezwa na maji, ikabidi lihamishwe. Kuna watafiti walioyatazama maziwa 22 ya magadi ya Afrika kwa picha za setilaiti, wakachapisha waliyoyaona mwaka 2024. Kwa Nakuru walikuta kwamba kati ya 2009 na 2022 eneo la ziwa liliongezeka kwa asilimia 91, na klorofili, yaani ule ukijani wa chakula, ikapungua kwa nusu. Umewahi kuona mpishi wa shughuli aliyeshtukizwa na wageni? Anaongeza maji kwenye sufuria. Sufuria inajaa kuliko mwanzo, lakini ukionja ni maji ya moto.

Na wale mwari mliowaona wana kisa chao. Samaki wadogo wa magadi walitiwa Nakuru miongo kadhaa iliyopita ili wale viluwiluwi wa mbu. Mwari wakawafuata samaki. Kwa hiyo mtalii wa leo anaona ndege weupe kwa mamia, anapiga picha, anaondoka akisema ziwa ni zima. Kwa mwari, ndiyo. Kwa heroe mlo umekwisha.

Lakini kula ni nusu ya habari. Kuzaa ndiko kunakoninyima usingizi. Heroe wadogo wa Afrika Mashariki, ambao ndio wengi kuliko wa pengine popote duniani, karibu wote huzaliwa mahali pamoja: Ziwa Natron, upande wetu huku, chini ya mlima Ol Doinyo Lengai. Nimepeleka wageni Engaresero, kijiji cha karibu na ziwa, miaka mingi. Saa nne asubuhi ardhi inachoma kupitia soli ya kiatu, na harufu ya magadi inakukaa puani siku mbili. Kwenye viota sijawahi kufika. Mgeni mmoja alisisitiza nimpeleke, nikamrudishia fedha zake.

Heroe hujenga vichuguu vya tope ndani ya ziwa, kila kimoja na yai moja juu. Maji ya kuzunguka ndiyo boma lao. Yakikauka mapema, fisi na mbweha wanatembea kwa miguu hadi kwenye mayai. Yakizidi, vichuguu vinalowa na kubomoka. Katikati ya hayo mawili kuna kipimo chembamba cha maji, nacho kinatakiwa kisibadilike kwa miezi: karibu wiki nne za kuatamia, kisha miezi ya vifaranga kukua mpaka waruke. Mvua ikija kwa kubahatisha, uzazi wa mwaka mzima unapotea. Na kwa kuwa heroe anaishi miaka mingi, unaweza kuendelea kuona wazima laki kadhaa wakikupendezea macho, kumbe nyuma yao hakuna watoto.

Hili si la kubuni. Baada ya mvua kubwa za 1961, zile wazee walizoziita mvua za uhuru, Natron ilifurika, na mwaka 1962 heroe wakaenda kuzaa Ziwa Magadi, Kenya. Magadi ilikuwa kali mno. Chumvi iliganda kwenye miguu ya vifaranga ikawa kama pingu, wakashindwa kutembea. Watu wakaingia ziwani kuzivunja pingu hizo kwa mikono, mmojawapo mpiga filamu Alan Root, na maelfu ya vifaranga wakaokolewa.

Wako wapi, basi? Mwambie binti yako wametawanyika: Bogoria, Elmenteita, Magadi, Natron, Manyara, Momela, hata ndani ya shimo la Empakaai. Heroe hana ziwa moja. Ana maziwa kama mfugaji alivyo na malisho ya kiangazi na ya masika; hili likiharibika anakwenda lile. Tatizo la safari hii ni kwamba mengi yamepanda kwa pamoja. Ndiyo sababu nikisikia tena habari za kuchimba magadi Natron, au za bwawa kwenye Ewaso Ng'iro ya kusini, mto unaoiletea Natron maji, damu inanichemka. Mvua hatuwezi kuipangia ratiba. Mashine tunaweza.

"Mzee, huku kwetu tai wa kula mizoga wamekwisha. Ni hii tabianchi?"
— Mfugaji, Iringa

Hapana, ndugu yangu. Ni sumu. Simba akila ng'ombe, mwenye ng'ombe anaumwagia mzoga dawa ya mashambani ili simba akirudi afe. Simba huenda asirudi, lakini tai mia wanashuka. Kuna na majangili wanaotia sumu mizoga kwa makusudi, maana tai wakizunguka angani askari wanajua pa kwenda. Tabianchi muiache kwa hili. Ongeeni kijijini kwenu juu ya hizo chupa na boma imara la usiku.

"Shikamoo Mzee. Nafundisha sayansi sekondari. Nimesoma kwamba ndege wa Usambara wanapanda juu ya mlima kwa sababu ya joto. Wanafunzi wangu hawaamini: wanasema huku Lushoto asubuhi bado tunavaa makoti. Je, ni joto lenyewe linalowasumbua, au ni chakula? Na wakifika kileleni?"
— Mwalimu, Lushoto

Marahaba, Mwalimu. Umenigusa nyumbani, ingawa mimi ni wa Usambara ya Mashariki, na nyinyi wa Magharibi mmezoea kutuita watu wa joto.

Kazi yangu Amani ilikuwa hii. Tunaamka saa kumi usiku, tunafungua nyavu msituni kabla ndege hawajaamka. Ni nyavu nyeusi, nyembamba, hata mtu anaweza kuziingia usoni. Kila nusu saa tunapita kukusanya. Unamtoa ndege taratibu, miguu kwanza, unamtia kwenye kifuko cha pamba, unampeleka mezani apimwe uzito, apimwe ubawa, avishwe pete mguuni, aachiwe. Mwaka unaofuata unarudi mahali palepale. Ukimnasa mwenye pete unajua ameishi. Usipomnasa yeye wala wenzake miaka mitano, nalo ni jibu. Mmarekani William Newmark ameifanya kazi hiyo Usambara tangu wakati huo, miongo na miongo. Nilimwona kijana. Sasa sote tuna mvi.

Matokeo: ndege waliohesabiwa Usambara ya Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa ile ya 1980 walipotafutwa tena 2019, wengi walikutwa juu zaidi mlimani. Na daftari za pete zinaonyesha kwamba kadiri joto lilivyopanda, spishi nyingi zimekuwa zikiongezeka kwa kasi ndogo kuliko zamani. Waambie wanafunzi wako wenye makoti kwamba ndege hapimi joto kwa kulinganisha na Tanga mjini. Analipima kwa alichozoea. Ukipanda mita 100 hewa inapoa kwa nyuzi 0.6 hivi. Joto likizidi nyuzi moja, anayetaka hali ileile ya zamani inambidi apande zaidi ya mita 150. Usambara yetu ya Mashariki haifiki mbali kupita mita 1,500. Ngazi ni fupi, na juu ya paa hakuna ngazi.

Umeuliza kama ni joto au chakula. Mara nyingi havitengani, na mfano mzuri niujuao si wa kwetu, ni wa jangwa la Kalahari kule Afrika Kusini. Hondohondo mnamjua: mke anajifungia ndani ya tundu la mti, anaziba mlango, na mume anamlisha kwa upenyo mdogo. Watafiti waliwafuatilia hondohondo wenye mdomo wa njano kuanzia 2008 hadi 2019. Wastani wa joto la juu kabisa la kila siku ulipofika nyuzi 35.7 au zaidi katika kipindi cha kulea, hakuna hata kiota kimoja kilichotoa kifaranga. Joto halikumuua mtu. Mume alikaa kivulini akihema mdomo wazi badala ya kuwinda, na mke na watoto wakangoja tunduni.

Sasa jambo ambalo napenda ulifundishe kwa mkazo. Ndege wa ndani ya msitu, wale wa chini kwenye majani makavu, hawavuki uwazi. Utadhani mwenye mabawa anavuka chochote. Nimemwona ndege niliyemvisha pete akikaa ukingoni mwa shamba la chai kama mtu asiyejua kuogelea anavyokaa ukingoni mwa mto. Ng'ambo palikuwa mita 200 tu. Kwa hiyo ndege wa bondeni anayetaka kupanda anakuta chai, mahindi, barabara. Hilo si joto, ni sisi. Na ndiyo sababu ya ule ugomvi mkubwa wa msitu wa Derema, ambao wakulima wa iliki walilipwa fidia watoke ili misitu iungane. Nina jamaa waliotoka humo. Wapo wanaosema fidia haikulingana na iliki waliyoiacha, na siwapingi. Lakini Derema ikikatika, ndege wa chini hawana njia. Nayashika yote mawili, na yananiuma yote mawili.

Kama unataka zoezi la darasa: kuna ndege mdogo wa kijivu, mdomo mrefu kama sindano ya kushonea, anayejificha kwenye mitambazi mahali mti ulipoanguka. Duniani kote anajulikana sehemu mbili tu, Usambara ya Mashariki na uwanda wa Njesi kaskazini mwa Msumbiji. Waulize wanafunzi: huyu akihitaji kuhama, ahamie wapi?

"Salamu Mzee. Mwanzoni mwa 2023 kwelea kwelea walinimalizia ekari mbili za mpunga kwa siku nne. Serikali ikapulizia dawa. Watu wa mazingira wakaja kusema dawa inaua ndege wengine. Niambie wewe unayependa ndege: mimi nilishe wanangu au nilishe ndege?"
— Mkulima, Ahero

Salamu, ndugu. Lisha wanao. Nakujibu hivyo kwanza ili usome mengine bila hasira.

Kwelea ana uzito wa gramu 20 hivi, na kwa siku anakula kiasi cha gramu 10 za nafaka. Kundi la milioni mbili, ambalo si kubwa kwao, ni tani 20 kwa siku. Lakini mpunga si chakula chake cha asili. Chakula chake ni mbegu za nyasi za porini. Sasa kumbuka ule mwaka ulivyokuwa: kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022 misimu mitano ya mvua mfululizo ilikwama katika sehemu kubwa za Kenya, Somalia na Ethiopia. Nyasi hazikuzaa mbegu. Mahali pa kijani palipobaki ni palipomwagiliwa, na Ahero panamwagiliwa. Kwa maneno mengine, ukame uliwatoa porini na mfereji wako ukawaita. Hapa tabianchi naikubali bila ubishi, ingawa hata bila ukame, nyika ikigeuzwa mashamba kwelea ataingia mashambani, maana hatukumwachia pengine.

Ile dawa ni fenthioni. Inaua kwelea, na inaua bundi na vipanga wanaokula kwelea waliolewa nayo. Ukiua bundi na vipanga umewaondolea kwelea askari wao. Sisemi isitumike kamwe. Nimeona sura ya mtu aliyeamka akakuta shamba ni mabua. Nasema inatumika kwa kuchelewa, mchana wa maafa, wakati kundi lingeshughulikiwa mahali linapolala lilipokuwa bado dogo. Wanapolala panajulikana: matete, migunga, mashamba ya miwa. Vijana wa kuchunga ng'ombe huwa wanawaona kabla ya bwana shamba.

Mengine unayajua kuliko mimi. Kijiji kipande kwa wakati mmoja, asiwepo wa kwanza na wa mwisho, kwa sababu anayeiva peke yake ndiye anayeliwa. Ng'oeni nyasi za kingoni kabla hazijatoa mbegu. Na mpunga ukiwa maziwa, kuamia hakuna mbadala. Sisi tulikuwa tunakesha kwenye dungu na teo tangu alfajiri, shule baadaye. Leo watoto wako shuleni, kama inavyotakiwa, lakini hakuna aliyechukua zamu yao. Hilo ni pengo ambalo halimo kwenye ripoti yoyote ya ndege niliyowahi kusoma.

Na Kondoa, nakwambia kwa siri, kwelea wananaswa kwa mitego na wanaliwa. Mimi nimekula. Ila uhakikishe haijapita dawa kwanza.

"Shikamoo Babu. Mimi niko darasa la sita. Mwaka huu mbayuwayu walichelewa kujenga nyumba kwenye paa la shule yetu. Mwalimu alisema ni kwa sababu Ulaya kuna joto. Kweli?"
— Mwanafunzi, Njombe

Marahaba, mjukuu wangu. Mwalimu wako amechanganya mbayuwayu wawili, na watu wazima wengi huchanganya, usimcheke. Anayejenga kwenye paa lenu ni wa hapahapa. Yule wa Ulaya na Asia anafika kwetu Septemba na Oktoba, anakula wadudu na kulala kwenye matete, na Machi au Aprili anaondoka. Kwetu hajengi. Nyumba yake iko kule.

Wenu wa paani wanajenga kwa tope. Hakuna mvua, hakuna tope. Je, mvua za kwanza zilichelewa? Andika kwenye daftari siku mvua ya kwanza iliponyesha na siku ulipoona tope la kwanza kwenye paa. Ufanye hivyo kila mwaka mpaka umalize shule, kisha uniandikie. Nikiwa nimekufa, mwandikie atakayekuwa kwenye safu hii.

Kuhusu wale wa Ulaya, shida yao ni saa. Kule majira ya joto yanaanza mapema kuliko zamani na wadudu wanatoka mapema. Ndege aliye huku hana wa kumpigia simu.

"Assalamu alaykum Mzee. Mimi ni mzaliwa wa Unguja, naishi Maskati miaka thelathini. Huku ufukweni kuna ndege mweupe na mweusi, miguu mirefu, mdomo mnene, anakula kaa. Niliporudi likizo nilimwona yuleyule Pemba. Ni huyo huyo? Na hizi tufani zinazotupiga, Gonu, Mekunu, Shaheen, zinamfanya nini?"
— Msomaji, Maskati

Waalaykumu salaam. Huenda kweli ni huyo huyo, kama wewe ulivyo huyo huyo. Ndege huyu, Waingereza humwita crab-plover, anazaliana pembezoni mwa Bara Arabu, Ghuba na pwani za Bahari ya Shamu hadi Somalia, kuanzia Aprili. Akimaliza anashuka pwani yetu: hori la Mida kule Watamu, Tanga, Pemba, hata Madagaska. Mida maji yakitoka utawaona kwa mamia wamesimama pamoja kama watu wanaosubiri mashua.

Kitu cha ajabu ni kiota chake. Anachimba shimo kwenye mchanga wa kisiwa, anataga yai moja jeupe ndani ya giza, na joto la mchanga linamsaidia kuatamia. Ndiyo sababu anachagua visiwa vya mchanga vya chini chini, visivyo na paka wala panya. Kisiwa cha namna hiyo bahari ikipanda kidogo tu, au tufani ikipiga wakati wa kuzaa, maji yanaingia shimoni. Gonu ilikuja Juni 2007, Mekunu Mei 2018. Angalia miezi hiyo na uangalie mwezi anaotaga, utaona kwa nini naogopa. Shaheen ya Oktoba 2021 ilikuja baada ya kuzaa.

Upande wetu huku anataka matope ya pwani na mikoko nyuma yake. Mikoko ya Pemba ikichomwa mkaa, mtoto aliyesalimika Oman anakuja kufa njaa kwetu. Nakuomba utakaporudi likizo uwaambie jamaa zako.

"Mzee, punguza chumvi. Ndege wamehama tangu Nabii Nuhu. Maziwa yalipanda, yakashuka, yatapanda tena. Haya ni maneno ya wafadhili."
— Msomaji, Mwanza

Bwana mkubwa, nusu ya barua yako ni kweli na nimeiandika mwenyewe hapo juu, kwenye mvua za 1961. Ziwa lako la Viktoria lilipanda wakati huo mpaka likaweka rekodi mwaka 1964, na wazee wa Mwanza walisimulia kwa miaka mingi kwamba haitatokea tena. Rekodi hiyo ilivunjwa Mei 2020. Ikavunjwa tena Mei 2024. Wewe uko hapo, teremka ufukweni uulize wenye nyumba.

Ndege wanahama, ndiyo. Lakini heroe wa 1962 alipofurikiwa Natron alikuta Magadi iko wazi. Ndege wa Usambara wa wakati wa babu yangu alipotaka kupanda alikuta msitu. Uwezo wao wa kuhama haujapungua hata kidogo. Tulichopunguza ni mahali pa kuhamia. Na mfadhili hajawahi kunilipa hata nauli ya Natron, ukimjua mmoja mwelekeze kwangu.

"Shikamoo Mzee. Mwanangu ameokota ndege mdogo wa kahawia amekufa chini ya taa ya msikiti baada ya usiku wa mvua. Mguuni ana pete ya bati yenye maandishi MOSKWA na namba, nimeiandika nyuma ya barua. Watu wanasema ni ya kijasusi. Niitupe?"
— Mama, Lunga Lunga

Marahaba, mama. Usiitupe, na usiogope. MOSKWA ni Moscow, Urusi, ndiko inakotunzwa daftari ya pete hizo. Mtu kama mimi wa zamani alimshika ndege huyo kaskazini kabisa, akamvisha, akamwachia. Kwenu Kenya wanafanya vivyo hivyo Ngulia, Tsavo Magharibi, tangu 1969. Novemba na Desemba, usiku usio na mwezi, ukungu ukiteremka mlimani, ndege wa kutoka ng'ambo wanapotea na kuvutwa na taa za hoteli iliyoko hapo. Wengine wana gramu 12 tu na wamepita Arabuni na Ethiopia. Wananaswa, wanavishwa pete, asubuhi wanaendelea na safari. Wako naye ni taa iliyomvuta. Mwambieni imamu taa ya nje izimwe baada ya Isha miezi hiyo, kama haina kazi.

Ukimkuta wa namna hiyo yuko hai, pete usiitoe. Soma herufi zote na namba zote, piga picha, mwachie. Aliyekufa, itoe, inyooshe, ibandike kwenye karatasi. Nitaifikisha kwa wenye daftari nao watakuletea jibu: alivishwa wapi, lini, alikuwa mkubwa au mtoto.

Umeniandikia namba vizuri, na jina la mahali. Ila hukuandika tarehe aliyookotwa. Bila tarehe hawawezi kujua alisafiri siku ngapi. Muulize mwanao kama anakumbuka ilikuwa Ijumaa ipi.